Mwanao kasomea takwimu? Shahada ni mlango tu, kazi iko ndani

Mbeya/Iringa. Swali huwa ni lilelile, iwe sokoni Mwanjelwa au watu wakitoka kanisani Kihesa. "Hongera, mwanao kamaliza chuo. Kasomea nini vile?" Mzazi akijibu "takwimu", muulizaji hutulia kidogo, kisha hujaribu kumsaidia: "Ahaa, ile ya sensa?"

Daktari ana koti jeupe, mwalimu ana chaki, mwanasheria ana joho. Mtakwimu hana vazi wala kifaa ambacho jirani anakifahamu. Mtoto akikaa nyumbani miezi sita baada ya mahafali, maswali huanza ndani ya nyumba yenyewe. Mjomba anashauri arudi chuoni akachukue ualimu. Shangazi anasema afunguliwe kibanda cha miamala ya simu. Mama anayeuza viazi ili kumalizia madeni ya ada huanza kujiuliza kama alipoteza fedha.

Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa ajira hazipo tele. Lakini familia nyingi hukosea mambo mawili. Kwanza, hutafuta tangazo lenye neno "mtakwimu" wakati waajiri wengi huandika jina jingine kabisa. Pili, huamini shahada imemkamilisha mtoto. Katika fani hii shahada hufungua mlango tu. Mtaalamu hutengenezwa ndani ya kazi, katika miaka ya mwanzo ambayo mshahara bado ni mdogo na familia inaweza kukata tamaa mapema.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtakwimu ni mtu wa daftari, ila kazi yake haiishii kwenye kuandika. Yeye huamua nini kihesabiwe, kihesabiwe vipi, na jibu linalopatikana linaweza kuaminiwa kwa kiasi gani.

Mfano wa karibu ni Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, lenye maelfu ya hekta za paini na mikaratusi. Hakuna anayeweza kupima mti mmoja mmoja katika shamba la ukubwa huo. Njia inayotumika katika misitu ya namna hii ni kuchagua viploti vichache kwa utaratibu maalumu, kupima miti iliyomo, kisha kukadiria kiasi cha mbao katika shamba zima. Anayeamua viploti viwe vingapi na vikae wapi anafanya kazi ya takwimu. Akichagua vya kando ya barabara tu kwa sababu ni rahisi kufika, kiwanda kinaweza kuahidiwa magogo ambayo hayapo.

Mfano wa pili unagusa afya. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya VVU wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 nchini. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hakuna mtu aliyewapima Watanzania wote ili kupata namba hizo. Zilitoka kwenye kaya zilizochaguliwa kwa kitaalamu, na kwa namba hizo hupangwa dawa, vipimo na watumishi wapelekwe wapi.

Karani naye anaweza kujumlisha fomu. Mtakwimu hujulikana kwa swali moja la ziada: jibu hili linaweza kuwa limekosea kwa kiasi gani?

Mbeya, ambako namba husimamisha dawa

Karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kazi yake ilianza miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, na leo ni kati ya vituo vinavyofahamika Afrika kwa majaribio ya dawa na chanjo za kifua kikuu na VVU. Mzazi wa Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kwenda mbali kuona umuhimu wa fani aliyoisomea mwanawe.

Kati ya Mei 2013 na Machi 2014, Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyoandikisha wagonjwa 365 wa kifua kikuu katika jaribio lililotafuta tiba ya haraka zaidi. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano. Moja lilipewa dawa za kawaida, mengine manne yalipewa michanganyiko mipya.

Jaribio lilipangwa tangu mwanzo ili data zikaguliwe njiani, kabla ya mwisho. Kundi ambalo lisingeonyesha matumaini ya kutosha lingefungwa mapema ili wagonjwa wapya wasiendelee kuingizwa humo. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya ukaguzi wa kwanza, makundi mawili yalisimamishwa. Kundi lililopewa rifampisini kwa dozi kubwa, miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito badala ya 10 za kawaida, liliendelea. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kuwa kwa kipimo kimoja cha maabara, makohozi ya kundi hilo yalisafika kwa wastani wa siku 48, dhidi ya siku 62 za kundi la kawaida.

Jambo hilohilo lilijitokeza miaka kumi baadaye kwenye chanjo. Jaribio la PrEPVacc lilianza Desemba 2020 na kushirikisha watu 1,512 wenye umri wa miaka 18 hadi 40 katika vituo vya Masaka nchini Uganda, Durban nchini Afrika Kusini, na Mbeya na Dar es Salaam kwa Tanzania. Lilikuwa linapima aina mbili za chanjo dhidi ya VVU pamoja na vidonge vya kinga. Novemba 2023 utoaji wa chanjo ulisitishwa. Kamati huru inayofuatilia data ilikuwa imeona kwamba matumaini ya chanjo hizo kuonyesha kinga ni madogo sana au hayapo kabisa.

Kwa vijana waliojitolea mikono yao kuchomwa sindano, na kwa wataalamu waliofanya kazi hiyo miaka kadhaa, habari hiyo haikuwa nyepesi. Lakini bila hesabu zilizopangwa vizuri tangu mwanzo, watu wangeendelea kuchomwa chanjo isiyowasaidia. Nyuma ya uamuzi wa namna hii wapo watu waliosafisha data kila wiki, wakatafuta tarehe zilizokosewa na fomu zilizojazwa nusu, kisha wakakubali jibu ambalo kila mtu alitamani liwe tofauti.

Kwa miaka mingi, uchambuzi mkuu wa majaribio mengi yanayofanyika Afrika umekuwa ukifanyika Ulaya na Marekani, huku kazi ya kukusanya na kuingiza data ikibaki huku. Kijana wa Mbeya anayeanza kama mwingiza data ana safari ndefu ya kufika meza ya uchambuzi. Inawezekana kuifika, ila lazima aendelee kusoma.

Kiwanda cha bia kilichompa mfanyakazi mwaka wa kusoma

Wanaodhani takwimu ni kazi ya ofisi za Serikali tu watashangazwa na hadithi ya William Gosset. Mwaka 1899 kijana huyo Mwingereza, aliyesoma kemia na hisabati, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Tatizo alilokutana nalo lingeeleweka na kiwanda chochote cha Mbeya au Iringa leo. Shayiri hutofautiana shamba kwa shamba, na kuijaribu ni gharama. Majaribio manne au matano yakionyesha mbegu moja ni bora, je, ni bora kweli au ni bahati ya mvua?

Hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa, na Gosset hakuwa nazo. Mwaka 1906 mwajiri wake alimruhusu aende London kwa takriban mwaka mmoja, akafanye kazi na Karl Pearson, mmoja wa mabingwa wa takwimu wa zama hizo. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kupima sampuli ndogo. Kampuni haikutaka wafanyakazi watumie majina yao kwenye machapisho, hivyo alijiita "Student", yaani Mwanafunzi. Njia hiyo inafundishwa hadi leo katika kila chuo cha takwimu duniani, na mtoto aliyemaliza shahada ameifanyia mtihani.

Gosset hakuacha kiwanda akawa profesa. Alipanda ngazi humohumo, na mwaka 1935 alihamishiwa London kwenye kiwanda kipya cha kampuni hiyo. Alipofariki mwaka 1937 alikuwa miongoni mwa viongozi wa utengenezaji wa bia. Alianza na tatizo la mwajiri wake, akaenda kusoma kile tatizo lilichohitaji, kisha akarudi kulitatua.

Nyanda za Juu Kusini kuna matatizo mengi ya aina hiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, hujaribu mbegu za maharage, viazi na mazao mengine kabla hazijamfikia mkulima. Mufindi kuna chai na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Mjini Iringa kuna usindikaji wa maziwa, Mbeya kuna bia, vinywaji baridi na saruji. Benki na kampuni za simu ziko kila mji. Kila sehemu ya namna hiyo huzalisha namba kila siku: lita zilizoharibika, mifuko yenye uzito pungufu, mikopo isiyolipwa, wateja waliohama.

Tatizo ni jina la kazi. Katika sekta binafsi tangazo linaweza kuandika mchambuzi wa data, ofisa udhibiti ubora, ofisa mikopo na vihatarishi, au ofisa ufuatiliaji na tathmini. Kijana anayesubiri neno "mtakwimu" litokee gazetini anaweza kupitwa na nafasi kumi zinazomfaa.

Ngazi ya kwanza huwa chini

Wengi huanza na kazi za muda. Sensa ya Agosti 23, 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, wakiwamo 2,343,754 wa Mkoa wa Mbeya na 1,192,728 wa Iringa, ilitumia makarani waliobeba vishikwambi nyumba kwa nyumba. Kwa baadhi ya vijana wa fani hii, kazi kama hiyo au dodoso la mradi huwa ya kwanza maishani.

Mzazi anaweza kuona ni kazi ya hovyo kwa mtu mwenye shahada. Kwa mtakwimu ni darasa. Aliyewahi kugonga mlango wa nyumba ambako baba amekataa kutaja idadi ya watoto anajua namba hukosewa wapi. Aliyewahi kuingiza fomu za zahanati anajua kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuandikwa kwa majina matatu. Atakapokuwa mchambuzi mkuu, hataamini jedwali kwa sababu tu limepangwa vizuri.

Baada ya hapo kwa kawaida hufuata usimamizi wa data, yaani kujenga fomu za kielektroniki, kukagua makosa na kutoa ripoti za wiki. Kisha uchambuzi chini ya mtu mzoefu. Kisha kupanga utafiti wenyewe na kuusimamia. Kwenye majaribio ya dawa, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1998 kuhusu takwimu unataka kazi za takwimu zisimamiwe na mtu mwenye sifa na uzoefu. Uzoefu huo haupatikani chuoni.

Kinachomtoa mtu ngazi moja kwenda nyingine ni mambo matatu.

La kwanza ni zana. Programu ya R, iliyoanzishwa na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, hupatikana bure na hutumika kwenye vyuo, benki na maabara duniani kote. Kijana mwenye kompyuta mpakato na kifurushi cha intaneti anaweza kuendelea kujifunza akiwa sebuleni. Zipo programu nyingine za kulipia, lakini aliyeiva katika moja huhamia nyingine bila shida kubwa.

La pili ni kuijua kazi ya wengine. Mtakwimu wa hospitali asiyeelewa kifua kikuu kinavyotibiwa ataleta majibu sahihi ya maswali yasiyo na maana. Wa kiwanda cha maziwa ana haja ya kuamka alfajiri aone maziwa yanavyopokelewa. Anayeingia majaribio ya tiba hutakiwa kupata mafunzo na cheti cha taratibu bora za utafiti huo, unaolinda haki na usalama wa washiriki.

La tatu ni kueleza. Meneja hataki kusikia majina ya mbinu. Anataka kujua abadilishe mashine au asibadilishe. Vijana wengi waliofaulu vizuri hukwama hapa, kwa sababu chuoni walisahihishwa hesabu na si maelezo.

Baadaye huja shahada ya uzamili, na hapo haraka si nzuri. Aliyefanya kazi miaka miwili au mitatu anajua anahitaji nini, kama ni takwimu za afya, za kilimo au za biashara. Kwa afya, chuo cha tiba cha KCMC mjini Moshi kinafundisha uzamili wa epidemiolojia na takwimu tumizi za afya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa takwimu. Kwa Afrika kuna mtandao wa SSACAB, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ulioundwa mahususi kukuza watakwimu wa afya kusini mwa Sahara.

Funzo la Januari 2025

Kwa kuwa mikoa ya kusini ina maambukizi makubwa ya VVU, miradi ya wafadhili imekuwa ikiajiri vijana wengi wa ufuatiliaji na tathmini. Ni kazi nzuri na imejenga wengi. Lakini Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kisha miradi mingi ya shirika lake la USAID ikafutwa, nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitikisika. Wapo waliojikuta mikataba imesimama ghafla, wakiwa na watoto shuleni na mikopo benki.

Aliyekuwa anajua fomu za mradi mmoja tu alilazimika kuanza upya. Aliyekuwa anajua kupanga sampuli, kusafisha data, kuchambua na kuandika ripoti alikuwa na kitu cha kupeleka kwa mwajiri mwingine. Anayeweza kufuatilia wagonjwa walioacha dawa anaweza kufuatilia wateja walioacha kurejesha mikopo, kwani hesabu ni zilezile. Kwa hiyo kijana aliyepata kazi asilale. Kila mwaka ajiulize ameongeza nini ambacho atatoka nacho siku mkataba ukiisha.

Siku bosi asipopenda namba

Liko jambo ambalo vyuo hulitaja kidogo na familia hazilitaji kabisa. Ipo siku mtakwimu ataambiwa "rekebisha kidogo". Labda ripoti inaenda kwa mfadhili na lengo halijafikiwa. Labda mzigo umepimwa na mifuko mingi ni pungufu. Anayeombwa ni kijana wa miaka 26, ana mkataba wa mwaka mmoja na anamlipia mdogo wake ada.

Hapo ndipo malezi ya nyumbani huingia kazini. Namba iliyopambwa haibaki kwenye karatasi. Wilaya inayoripoti wagonjwa wachache kuliko ilio nao itapelekewa dawa chache. Dawa isiyofanya kazi ikionyeshwa kuwa inafanya, kuna mtoto wa mtu atapewa.

Kijana aliyejiandaa ana njia za kujikinga. Huandika mpango wa uchambuzi kabla ya kuona data, ili mtu asibadilishe swali baada ya kuona jibu. Hutunza kumbukumbu ya kila mabadiliko. Huwa na mwenzake wa fani, au mkubwa wake, wa kumpigia simu. Tena anapaswa kuijua sheria. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na marekebisho yake inaeleza utaratibu wa takwimu rasmi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kushika taarifa za watu. Orodha ya wagonjwa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, aliyeituma hawezi kusema ni mazoea tu.

Mtoto akipiga simu nyumbani na kusema amegoma kusaini namba ya uongo, mzazi asianze na "utapoteza kazi". Amwulize kwanza ameandika nini na amemwambia nani.

Kwa aliye bado shuleni

Mlango huu huanza na Hisabati ya kidato cha nne. Kwa kidato cha tano, tahasusi za PCM na EGM zina hisabati ya juu na huacha njia nyingi wazi. Kwa ambaye hakupata nafasi hiyo, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika (EASTC) cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1961, kina ngazi za astashahada, stashahada na shahada, hivyo mtoto anaweza kupanda hatua kwa hatua. Shahada za takwimu zipo pia katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma na Mzumbe. Vigezo na ada hubadilika, kwa hiyo mwongozo wa udahili wa mwaka husika ndio wa kuaminiwa, si maneno ya kijiweni.

Wazazi wa mabinti wana la kuongeza. Wakati wa sensa ya 2022, Mtakwimu Mkuu wa Serikali alikuwa mwanamke, Dk. Albina Chuwa. Binti anayeambiwa kwamba hesabu ni za wavulana atajwe jina hilo.

Mzazi afanye nini?

Mpe muda wenye mipaka. Badala ya "mpaka lini?", kubalianeni kwamba kwa mwaka mmoja atatafuta uzoefu, na kila mwezi atakuonyesha alichojifunza na alikoomba kazi.

Saidia zana kabla ya suti. Kompyuta mpakato iliyotumika lakini nzima itamfikisha mbali kuliko nguo za usaili.

Mwelekeze kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Taasisi ya Serikali ya huduma za ajira, TaESA, huratibu mpango wa namna hiyo kwa wahitimu. Pamoja na hayo, hospitali, halmashauri na viwanda vya karibu vinaweza kuombwa nafasi ya kujitolea kwa miezi michache. Ila kujitolea kuwe na mwisho na kuwe na barua. Kufanya kazi bila malipo kwa miaka kunamtumia mtoto, hakumkuzi.

Mwombe afanye kazi halisi nyumbani. Kama familia ina kuku, duka au shamba la viazi, achukue daftari la miezi sita na aeleze faida iko wapi na hasara iko wapi. Akiweza kumwelewesha bibi yake, ataweza kumwelewesha meneja. Kazi hiyo aihifadhi, aionyeshe kwenye usaili.

Asikae peke yake. Wanaofanya fani hii huweza kukutana kupitia vyama vya kitaaluma, mikutano ya wanasayansi na makundi ya wanaotumia programu moja. Kijana aliyeko Makambako au Tukuyu akiwa na watu wawili wa kuwauliza maswali hatabaki nyuma ya aliyeko Dar es Salaam.

Na mwisho, mzazi ajifunze kulijibu lile swali la sokoni. Akiulizwa tena mwanawe kasomea nini, anaweza kusema: "Kasomea takwimu. Dawa ikijaribiwa pale Rufaa, wenzake ndio wanaosema iendelee au isimame."